Sahihi ya Shemeji

Aliyekosa kusoma habari yangu kwenye gazeti la wiki iliyopita hakukosa utukufu wowote. Mimi ni Verlin Stubblefield, fundi wa friza na viyoyozi hapa Harmon Fork, Tennessee, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mpimaji wa filamu wa kanisa letu la Kibaptisti. Kabla familia za kanisa hazijaangalia filamu, naiangalia mimi kwanza. Mkononi nashika kidude cha kubofya, kile cha kuhesabia ng'ombe mnadani. Kila tusi, bofyo moja. Filamu ikiisha najaza fomu.

Fomu ina visanduku kumi. Matusi mangapi, damu kiasi gani, wasiooana wamebusiana mara ngapi. Cha tisa kinauliza: "Je, mwishoni uovu unaadhibiwa?" Cha kumi: "Nani alikuwa nawe?" Kwetu mwanamume haangalii filamu ya kidunia peke yake. Lazima awe na mwenzake wa kumchunga, na mwenzake huyo atie sahihi.

Sasa, filamu moja ya mahakama niliiangalia peke yangu, Alhamisi jioni. Mwenzangu wa siku zote, Ndugu Clovis, alikuwa amelazwa, anapasuliwa ngiri.

Tena kusema niliiangalia ni kujipendelea. Usingizi ulinichukua dakika ya arobaini, nikaamka majina ya waigizaji yanapanda. Kidude kilisoma nne. Nikaandika nne. Kwenye kisanduku cha tisa nikaweka tiki penye "Ndiyo", maana filamu za mahakama nizijuazo mimi huishia hivyo. Kesho yake, Ijumaa asubuhi, shemeji yangu Royce, mdogo wa mke wangu, akanitilia sahihi juu ya boneti ya pikapu.

Filamu ikaonyeshwa ukumbini kwa watu sitini, watoto mstari wa mbele. Lilipofika tusi la kumi na moja, Mchungaji Haskell akachomoa waya ukutani. Dada Eula Mae akasimama akatangaza kwamba Shetani ameniajiri. Nikajitetea kuwa tulikuwa wawili. Ndipo Royce akasimama kule nyuma na bakuli lake la pudini ya ndizi.

"Ni kweli," akasema. "Alhamisi ile nilikuwa kwa Verlin, toka saa moja jioni mpaka saa tatu na robo. Tulisikia manne. Labda masikio yetu yamezeeka."

Watu wakacheka, nami nikapona.

Nilimshukuru Royce kwa siku tatu. Nilimtengenezea hata kiyoyozi bure.

Siku ya nne sherifu wa kaunti akaingia karakanani kwangu.

"Vipi friza, Verlin?"

"Zinagandisha."

"Nasikia Alhamisi ile wewe na Royce mlikuwa na filamu."

"Nani kakwambia?"

"Watu sitini."

Akavuta ndoo akaikalia. Mimi nikaendelea kufungua skrubu ambayo haikuhitaji kufunguliwa.

"Unajua ni Alhamisi gani hiyo?" akauliza.

Nilijua. Ni Alhamisi lilipoungua banda la tumbaku la Delbert Crain. Kaunti nzima ilijua kwamba banda liliungua Alhamisi, saa mbili kamili. Mimi nilijua pia kwamba Alhamisi nililala. Mambo hayo mawili sikuwahi kuyakalisha kwenye benchi moja.

"Nilikuwa namfikiria Royce," sherifu akasema. "Delbert alimpiga risasi mbwa wa Royce wakati wa Pasaka. Na kuna mtu aliona pikapu ya kijivu ikitoka kule."

"Nusu ya kaunti ina pikapu ya kijivu. Hata mimi ninayo."

"Ndiyo maana nilikuwa nafikiria tu. Sasa fomu yenu imemtoa Royce. Anabaki Wendell."

Wendell Fitch ni mlevi wa zamani. Anaishi kwenye trela nyuma ya kanisa, na Machi mwaka huu Mchungaji Haskell alimbatiza, akamzamisha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza goti lilibaki nje. Walimkuta usiku ule anatembea barabarani karibu na moto, ana kiberiti mfukoni, wakamweka ndani. Wendell anavuta sigara. Kiberiti anacho hata akiwa anaoga.

"Jumatatu kuna mahakama," sherifu akasema. "Wakili wa Wendell haiamini fomu hiyo; anawaita wewe na Royce. Lete fomu."

Alipotoka nilikaa kwenye ile ndoo yake. Nikakumbuka jambo moja dogo. Ukumbini, siku ile, Royce alitaja saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza saa.

Nikaenda kwenye duka lake la matairi. Nilimkuta amelala chini ya trekta, miguu ndiyo iko nje. Nikazungumza na miguu.

"Shemeji, Alhamisi ile ulikuwa wapi?"

"Kwako."

"Royce. Kwangu nilikuwepo mimi. Hukuwepo."

"Ulikuwa umelala, bwana. Umejuaje kama sikuja?"

Akajiburuta akatoka, akajifuta mikono, akaniangalia kama anavyoangalia tairi lisilozibika.

"Tuelewane," akasema. "Nani alimfuata mwenzake? Wewe ulikuja hapa na fomu yako. Ukaniambia, 'Royce, nililala, niokoe.' Mimi nikauliza kitu kimoja tu: ilikuwa saa ngapi mpaka saa ngapi? Ukanitajia. Nikaandika. Nimekukosea wapi?"

"Ulilichoma wewe lile banda?"

"Usiniulize jambo ambalo Jumatatu utaapishwa."

"Na Wendell?"

"Wendell anakula mara tatu kwa siku kule ndani. Kwenye trela lake alikuwa anakula biskuti."

"Atafungwa, Royce."

"Sawa. Basi nenda kawaambie sikuwepo." Akachukua spana. "Halafu Eula Mae atauliza fomu ngapi nyingine ulizijaza umelala. Miaka kumi na mmoja, Verlin. Watoto wa watu wamelelewa na fomu zako."

Jibu la kweli ni kwamba ziko nyingine mbili, na moja ilikuwa ya katuni.

Jioni nikamwambia mke wangu Nadine. Nilimweleza yote, hata ile katuni. Alikuwa amesimama penye sinki na hakugeuka.

Nadine ni mkubwa wa Royce kwa miaka kumi. Mama yao alipokufa, Royce alikuwa na miaka minne. Nadine ndiye aliyemlea, akimwogesha na kumfunga kamba za viatu. Mpaka leo akimwona anamrekebisha kola.

"Ile filamu," akasema mwishowe, "inahusu nini?"

"Mume kamuua jirani. Mke anaapa kwa Biblia kwamba mume alikuwa naye nyumbani. Wanamshika mtu mwingine, mpita njia tu."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Nililala."

"Lakini uliweka tiki kwamba uovu unaadhibiwa."

"Niliweka."

"Na ukumbini Mchungaji alichomoa waya."

"Tusi la kumi na moja."

"Kwa hiyo kanisa zima hakuna anayejua yule mwanamke alipatwa na nini."

"Hakuna."

Akakausha mikono. "Jumamosi mchana tutaiangalia. Mimi ndiye nitakuwa mwenzako."

Jumamosi tukakaa. Nadine alikuwa na beseni la maharage ya kumenya, mimi nilikuwa na kidude. Dakika ya arobaini nikaikumbuka kama njia panda nilipowahi kupotea. Safari hii sikulala. Nilibofya mpaka dole gumba likafa ganzi. Kuna wakili mmoja mle ndani peke yake alinipa tisa.

Nitawaambia ukweli. Nilitaka filamu ile initishe. Nilikaa nikingoja yule mwanamke akamatwe kizimbani, apige magoti, alie. Ningeona hivyo, Jumatatu ingekuwa rahisi. Hata mtoto mdogo ukitaka asishike jiko unamwonyesha aliyeungua.

Yule mpita njia akahukumiwa maisha. Wakampeleka. Mwanamke akarudi nyumbani, akanawa mikono, akaandaa meza. Mume akakaa. Akamwambia, "Nipe chumvi." Akampa. Majina yakaanza kupanda.

Nadine alikuwa ameacha kumenya.

"Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Hakuna radi?"

"Hata manyunyu hakuna."

Akaangalia beseni. "Filamu mbaya sana hii."

"Matusi thelathini na moja," nikasema.

"Nani kataja matusi?"

Kisha akaanza kusema juu ya sufuria. Kila Jumatano baada ya chakula cha kanisa, Wendell ndiye huosha vyombo. Hakuna aliyemtuma. Sufuria ya Nadine aliijua kwa mkwaruzo wake, anaiosha, anaikausha, anamletea mpaka mlangoni mwa gari.

"Jumatano hii nimerudi na sufuria chafu," Nadine akasema.

Nikangoja aseme lingine. Aseme funga mdomo, au fungua mdomo. Mwanamke huyu kwa miaka ishirini na sita amenielekeza hata upande wa kuchana nywele.

"Jumatatu vaa shati la bluu," akasema. Akaendelea kumenya.

Jumatatu nikavaa shati la bluu.

Mashahidi walikaa nje kwenye korido, wakiingia mmoja mmoja. Royce alikuwa amechana nywele kwa maji. Akakaa karibu nami mpaka bega likagusana na bega.

"Tuna kazi ndogo," akaninong'oneza. "Mimi nasema kilicho kwenye fomu. Wewe unasema kilicho kwenye fomu. Nimeikariri yote kama Zaburi ya ishirini na tatu. Nne, hakuna uchi, busu moja, uovu unaadhibiwa."

"Royce, kuhusu hicho cha mwisho..."

"Royce Pettway!" karani akaita.

Akasimama, akanipiga begani, akaingia.

Nilibaki na saa ya ukutani. Alikaa humo dakika ishirini na mbili. Alipotoka alikuwa anatabasamu, akanikonyeza. Ndipo wakaniita mimi.

Chumba kilijaa. Nadine alikuwa benchi la pili. Mchungaji Haskell alikuwepo, Dada Eula Mae alikuwepo na feni yake ya mkono. Wendell alikaa na wakili wake, amevaa nguo za mahabusu zinazompwaya. Aliponiona akaniinamia kichwa kama tunavyofanya mlangoni mwa kanisa.

"Ndugu Verlin," akasema.

Hakimu akamwambia anyamaze. Akaomba radhi.

Wakaleta Biblia. Nimeshika Biblia maisha yangu yote na sikuwahi kuona ni nzito. Nikaapa.

Wakili wa Wendell ni binti mdogo aitwaye Bi Loomis, viatu vimechanika pembeni. Alikuwa na nakala ya fomu yangu.

"Bwana Stubblefield, huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Na hii sahihi ya pili?"

"Ya shemeji yangu Royce."

Nilidhani sasa atauliza kama Royce alikuwepo. Nilikuwa nimeandaa majibu mawili, la kweli na la uongo, yamekaa mdomoni kama peremende mbili. Hakuuliza hilo.

"Shahidi aliyekutangulia," akasema, "ameiambia mahakama kwamba aliangalia filamu hii mpaka mwisho, kwa macho yake. Nilimuuliza inaishaje. Akasema mwanamke aliyetoa ushahidi wa uongo anakamatwa palepale mahakamani na kufungwa. Alisimulia vizuri sana. Alisema mwanamke alilia mpaka naye akatokwa na machozi. Je, Bwana Stubblefield, ndivyo inavyoisha?"

Ndipo nikaelewa. Tiki moja. Nilikuwa nimeweka tiki moja nusu usingizini, na Royce akajenga nyumba juu yake, akaweka na mapazia.

Nikisema ndiyo, Wendell hana mtu. Nikisema hapana, Royce hana pa kusimama, na mimi sina kanisa.

Nikamtazama Nadine. Alikuwa anatazama kola ya shati langu.

"Hapana," nikasema.

"Inaishaje?"

"Anarudi nyumbani. Anaandaa chakula. Mume anamwomba chumvi."

Hakimu akavua miwani. "Chumvi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Anampa. Inaisha."

"Hakuna anayekamatwa?" Bi Loomis akauliza.

"Hakuna. Nimeiona juzi Jumamosi na mke wangu. Matusi ni thelathini na moja."

"Basi kwa nini fomu inasema uovu unaadhibiwa?"

"Kwa sababu niliijaza bila kuona. Nililala. Toka dakika ya arobaini mpaka mwisho. Na Royce hakuangalia chochote. Alitia sahihi Ijumaa asubuhi, dukani kwake, juu ya boneti. Aliniuliza saa, nikamtajia, akaandika."

Feni ya Eula Mae ikasimama. Mchungaji Haskell akainamisha kichwa, sijui anaomba au anahesabu fomu. Miaka kumi na mmoja ikaondoka pale kimyakimya, wala haikuaga.

Wendell alilaza paji la uso mezani. Mabega yakawa yanatikisika. Bi Loomis akamwekea mkono mgongoni, akasema hana swali lingine.

Nadine hakulia. Alifungua mkoba, akatoa leso, akaishika tu. Nilijua ni ya Royce.

Lakini niseme kilicho kweli: nilijisikia mwepesi. Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu kwenye kiti.

"Kaa, Bwana Stubblefield," akasema wakili wa serikali.

Anaitwa Dockery. Mtu mrefu, mpole, aliyekuwa kimya muda wote. Akasogea bila karatasi.

"Nakushukuru kwa ukweli wako. Nina machache. Pikapu yako ni ya rangi gani?"

"Kijivu."

"Wewe na Delbert Crain mnaelewana?"

"Tunasalimiana."

"Mwaka juzi alisema nini juu yako kwenye duka la vyakula vya mifugo?"

"Kwamba nilimharibia friza, nyama ya paa wanne aliowawinda ikaoza."

"Nawe ukamjibu nini, mbele ya watu?"

Nilikumbuka vizuri. Wakati ule watu walicheka.

"Nilisema banda lake likiungua sitabeba hata ndoo moja ya maji."

Nyuma mtu akakohoa. Dockery akangoja kikohozi kiishe.

"Mkeo alikuwa wapi Alhamisi ile jioni?"

"Knoxville, kwa dada yake."

"Filamu uliianza saa moja. Ukalala dakika ya arobaini, ukaamka saa tatu na robo. Banda liliungua saa mbili. Toka kwako mpaka kwa Delbert ni dakika ngapi kwa gari?"

"Saba." Nikaongeza, "Kukiwa na trekta mbele, kumi." Sijui kwa nini niliongeza.

"Na kabla ya leo, ulikuwa umeiambia dunia nzima kwamba jioni ile ulikuwa na mtu. Ukamtafuta mtu wa kuandika hivyo kesho yake asubuhi, moshi wa banda haujaisha."

"Hiyo ilikuwa kwa ajili ya kanisa."

"Naam." Akachukua fomu mezani, akaniwekea mbele, kidole chini kabisa ya ukurasa. "Kisanduku cha kumi. Tusomee swali, tafadhali."

Nililitunga mwenyewe swali lile, miaka kumi na mmoja iliyopita, jikoni kwetu, ili mwanamume yeyote asije akashutumiwa kwa jambo alilolifanya akiwa peke yake.

"Nani alikuwa nawe," nikasoma.

"Upo chini ya kiapo. Jibu."

Biblia ilikuwa bado iko pale pembeni. Nikamtazama Nadine, safari hii naye akanitazama usoni, na nikaona kwamba swali hilohilo anajiuliza na yeye.

"Hakuna," nikasema.

Sherifu alikuwa ameegemea mlango tangu asubuhi. Akaacha kuuegemea.